Trekta Lina Kiti Kimoja

Msimu wa kulima umefika. Alfajiri tunasikia matrekta yakiunguruma kuelekea mashambani. Sauti hiyo inafurahisha. Ekari ambayo mtu mwenye jembe la mkono huilima kwa siku nyingi, trekta huimaliza kwa saa chache. Hatuna ugomvi na trekta. Trekta ni rafiki wa mkulima.

Lakini rafiki huyu ana uzito wa tani 2 hadi 3. Hana macho wala masikio. Hajui kama kilicho mbele ya gurudumu lake ni kichuguu au ni mtu. Kwa hiyo leo tusome pamoja habari za ajali za matrekta na pawatila kazini: zinatokeaje, tunazizuiaje, na mtu akishaumia afanye nini ili haki yake isipotee.

Kama unasoma peke yako, soma sehemu moja moja, usiharakishe. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Maswali yako mwishoni.

KILICHOMPATA TINGO

Jambo hili lilitokea katika kijiji kimoja cha Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Majina ya watu hatutayataja. Kijana mwenyewe tutamwita Tingo, maana hata pale kijijini watu wamezoea kumwita hivyo.

Tingo alikuwa na umri wa miaka 20. Kazi yake ilikuwa kufunga jembe la trekta, kuchomoa pini, kujaza dizeli na kutoa magugu yaliyonasa. Alilipwa kwa ekari. Hapakuwa na karatasi yoyote. Mwenye trekta alimwambia tu, "Wewe njoo, tutaelewana," naye akaja.

Jioni moja walikuwa wanarudi kutoka shambani. Nyuma ya trekta palikuwa na tela lililojaa kuni. Dereva alikaa kwenye kiti chake. Juu ya digadi la kulia alikaa mzee mmoja. Digadi la kushoto ndiyo nafasi ya Tingo ya siku zote. Njiani wakamkuta mama mmoja amejitwika kikapu, amechoka. Dereva akasimama.

Tingo akamwambia, "Shikamoo mama. Panda ukae hapa, mimi nitasimama nyuma."

"Marahaba mwanangu. Si utaanguka?"

"Aa, mama! Nimezoea."

Mama akakaa kwenye digadi. Tingo akasimama juu ya ndoano, kati ya trekta na tela, akishika ukingo wa tela kwa mkono mmoja. Walipofika kwenye mfereji wa maji, trekta likaruka kidogo. Kidogo tu. Mama anasema hata kikapu hakikumwagika. Lakini Tingo mguu uliteleza. Akaanguka chini, na gurudumu la tela likampanda mguu wa kulia chini ya goti.

Dereva hakujua. Mlio wa injini ulimeza ukelele. Alisimama pale tu mama alipompiga begani.

Hospitali walifanya walichoweza. Siku ya tatu mguu ulikatwa.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu hakuna mtu mbaya ndani yake. Dereva hakuwa amelewa. Tingo hakuwa anacheza. Alimpisha mama mtu mzima, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Basi kosa liko wapi? Kosa ni kwamba wote wanne walikubali kuwa trekta ni basi la abiria.

Nasi tusijifanye watakatifu. Mwaka mmoja, kwenye kilele cha Juma la Elimu ya Watu Wazima, sisi maofisa tulipakia wanakisomo kwenye tela la trekta, wanaimba, wanapunga vitambaa, na tulijiona tumefanya jambo la maana. Tulifika salama. Lakini kufika salama si ushahidi kwamba njia ilikuwa salama. Hatutafanya hivyo tena.

HESABU YA NUSU SEKUNDE

Watu wengi husema, "Nikianguka nitaruka pembeni." Hebu tufanye hesabu tuone.

Tuseme trekta linakwenda kilomita 20 kwa saa. Huo si mwendo wa kasi. Baiskeli yaweza kwenda hivyo.

Kilomita 20 ni mita 20,000.
Saa moja ni sekunde 3,600.
20,000 gawanya kwa 3,600 ni kama mita 5 na nusu kwa kila sekunde.

Sasa, kutoka ndoano mpaka gurudumu la tela, tuseme pana mita 3. Mita 3 kwa mwendo huo hupitwa kwa muda wa karibu nusu sekunde. Jaribu kutamka jina lako na la baba yako. Umekwisha chelewa.

Na dereva je? Hata dereva hodari, akiona hatari, huchukua karibu sekunde moja mpaka mguu wake ukanyage breki. Katika sekunde hiyo trekta limekwenda mita 5 na nusu. Yaani gurudumu limekwisha kupita juu ya mtu kabla breki haijaguswa. Na hapo ni kama dereva ameona. Dereva wa Tingo hakuona.

Kwa hiyo tusimlaumu aliyeanguka kuwa alikuwa mzembe wa kuruka. Hakuna binadamu anayeruka kwa nusu sekunde. Kinga ni moja tu: asiwepo pale.

Sheria ya kwanza tuiandike kwenye madaftari yetu: TREKTA LINA KITI KIMOJA, KWA HIYO LINA MTU MMOJA. Digadi si kiti. Ndoano si ngazi. Jembe la trekta si benchi. Tela la mizigo ni la mizigo. Kama trekta limetengenezwa kiwandani likiwa na kiti cha pili chenye mkanda, hicho ni kiti. Gunia lililokunjwa juu ya digadi halijawa kiti.

TREKTA LINAPINDUKAJE?

Ajali nyingine kubwa ni trekta kupinduka. Kupinduka kuko kwa namna mbili: kwa ubavu na kwa nyuma.

Kwanza, kwa ubavu. Hutokea trekta likipita kwenye mteremko wa kukingama, ukingoni mwa mfereji, au likikata kona kwa kasi. Dereva wengi hawajui jambo hili: ukizidisha mwendo mara mbili kwenye kona ile ile, nguvu inayolisukuma trekta lipinduke haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Kona unayoikata salama kwa kilomita 8 kwa saa yaweza kukuua kwa kilomita 16. Punguza mwendo kabla ya kuingia konani. Ukianza kupunguza ukiwa ndani ya kona umechelewa.

Jihadhari pia na breki. Trekta lina breki mbili, ya gurudumu la kushoto na ya kulia. Shambani hutumika mojamoja kusaidia kukunja. Barabarani lazima zifungwe pamoja kwa kile kipande cha chuma. Dereva akisahau kuzifunga, halafu akakanyaga moja kwa ghafla akiwa kwenye mwendo, trekta linageuka upande mmoja na kulala.

Pili, kwa nyuma. Hii ni ya hatari zaidi kwa sababu ni ya haraka. Magurudumu ya nyuma yakizuiwa yasizunguke, huku injini inaendelea kusukuma, mbele ya trekta hunyanyuka. Trekta linaweza kupaa na kumlalia dereva kwa sekunde moja na nusu. Hapana muda hata wa kukanyaga klachi.

Hutokea lini? Hutokea hasa kwa mambo haya:

(a) Kung'oa kisiki huku mnyororo umefungwa juu, kwenye ekseli au mahali pengine palipoinuka. Mnyororo ukifungwa juu hulivuta trekta liangukie nyuma. Funga mizigo yote ya kuvuta kwenye ndoano ya chini tu, ile iliyowekwa na kiwanda.

(b) Kukwama kwenye tope, halafu watu wakaweka magogo mbele ya magurudumu makubwa na kuyafunga. Gurudumu likigoma kuzunguka, trekta lenyewe ndilo litakalozunguka. Chimba tope la nyuma, kisha jaribu kutoka kinyumenyume. Ikishindikana, lita trekta la pili.

(c) Kupanda kilima kikali na kuachia klachi kwa ghafla. Kilima kikali sana usikipande. Zunguka.

CHUMA KILE CHA NYUMA YA KITI

Matrekta mengi ya siku hizi yana chuma imara chenye umbo la mlango, kimesimama nyuma ya kiti. Wengine wanadhani ni cha kufungia turubai. Sivyo. Ni fremu ya kinga. Trekta likipinduka, fremu hushika ardhi, na dereva anabaki na nafasi ya kuishi.

Nchi ya Uswidi iliweka sheria mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya namna hii. Miaka iliyofuata vifo vya kupinduka vilipungua sana huko, na nchi nyingi zikaiga. Wakulima wa kule hawakuwa hodari kuliko sisi. Walipinduka kama tunavyopinduka. Ila chuma kiliwabeba.

Hapa kwetu utaona trekta limekatwa fremu. Ukiuliza, unaambiwa, "Ilikuwa inagonga matawi ya miembe," au, "Haikuingia kwenye banda." Basi kata tawi. Inua paa la banda. Fremu usiikate. Wala usiitoboe, wala usiichomelee hovyo, maana itavunjika siku utakapoihitaji.

Na mkanda je? Shika jambo hili vizuri. Trekta lenye fremu, FUNGA MKANDA, ili ubaki ndani ya kinga usirushwe ukabanwa na fremu yenyewe. Trekta lisilo na fremu, USIJIFUNGE kwenye kiti, maana likipinduka utakuwa umefungwa chini yake.

SHAFTI YA NYUMA

Nyuma ya trekta kuna shafti inayozunguka, mafundi huiita PTO. Ndiyo inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi, pampu ya maji na kadhalika. Inaonekana kitu kidogo. Hesabu itatuonyesha.

Kwa kawaida shafti hii huzunguka mara 540 kwa dakika.
540 gawanya kwa sekunde 60 ni mara 9 kwa kila sekunde.

Tuseme unene wake ni sentimita 7. Ukiizungushia uzi mara moja, uzi huo utakuwa na urefu wa kama sentimita 22.
22 mara 9 ni sentimita 198, yaani karibu mita 2.

Maana yake, shafti ikinasa ncha ya kanga, inavuta mita 2 za kitambaa kwa sekunde moja. Mkono wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 70. Kutoka kifundo mpaka begani ni theluthi moja ya sekunde. Nguo ikiwa imara haichaniki. Unaokwenda ni mkono.

Kina mama, tunasema nanyi hasa, kwa sababu wakati wa kupukuchua mahindi ninyi ndio mko karibu na mashine. Kanga ya begani, mtandio, mikono mipana ya gauni, vyote viwekwe mbali. Nywele zifungwe. Wanaume nao: shati lisilofungwa vifungo, kamba ya koti la mvua, suruali iliyochanika magotini. Vyote hivyo ni ndoana.

Shafti ina kifuniko cha plastiki au bati. Kikivunjika, nunua kingine kabla ya kuendelea na kazi. Usiruke juu ya shafti inayozunguka, hata kama unafuata karai lililo upande wa pili. Zunguka kwa mbele ya trekta. Mashine ikisakama, zima injini, chomoa funguo, weka mfukoni, subiri mpaka kila kitu kisimame kabisa, ndipo uingize mkono. Funguo zisipokuwa mfukoni mwako, mtu mwingine anaweza kuwasha akidhani umemaliza.

PAWATILA NI TREKTA PIA

Tangu mpango wa Kilimo Kwanza ulipoanza mwaka 2009, pawatila zimeenea vijijini, hasa kwenye mpunga. Watu wanaziona ndogo, wanazizoea upesi. Lakini pawatila yenye tela ina jambo moja la kushangaza ambalo limewapindua wengi.

Pawatila hukunjwa kwa klachi mbili ndogo zilizo kwenye mikono ya kushikia. Kwenye tambarare, ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachwa bila nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, pawatila inakwenda kushoto. Vizuri.

Sasa shuka mlima na tela lenye mzigo. Hapa injini haisukumi tena. Injini ndiyo inayozuia, na mzigo ndio unaosukuma. Ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linafunguliwa na kukimbia mbele kuliko la kulia. Pawatila inakwenda kulia! Dereva aliyetaka kukwepa shimo la kulia anajikuta ndani ya shimo. Anashtuka, anabana zaidi, nayo inazidi kwenda kulia.

Dawa yake: weka gia ndogo juu ya kilima, kabla ya kuanza kushuka. Usiteremke kwa gia huru, na usibadili gia katikati ya mteremko. Mteremkoni usiguse klachi za kukunjia. Elekeza pawatila kwa mikono yenyewe, taratibu. Punguza mzigo. Na hapa pia, watu wasipande juu ya mzigo.

Jambo jingine ni kurudi nyuma. Pawatila ikirudi nyuma, mikono yake huinuka kwa ghafla. Mtu anaweza kubanwa kati ya mashine na mti au ukuta, au kuangukiwa na visu vinavyozunguka. Kabla ya kurudi nyuma zima visu, tazama nyuma, tumia mwendo mdogo kabisa.

Na usiku, tela lisilo na taa ni kaburi barabarani. Dereva wa lori haoni mpaka amefika. Bandika viakisi mwanga nyuma ya tela. Bora zaidi, usitembee usiku.

AJALI IKITOKEA

Kwanza, zima injini. Waokoaji wengi huumia kwa sababu wanakimbilia kwenye mashine inayozunguka.

Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia. Usifungue kila mara kutazama kama imekoma.

Kama amelaliwa na trekta, usilinyanyue hovyo kwa magongo. Likiteleza litampiga mara ya pili. Tafuta jeki, zuia magurudumu, weka magogo ya kushikilia kila linapoinuka.

Kama ameumia shingo au mgongo, msimnyanyue mikono na miguu kama gunia. Ila kama pana moto au hatari nyingine hapo, mtoeni. Mlazeni juu ya ubao au mlango, kichwa na mgongo vikiwa vimenyooka.

Kidole kikikatika, kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiwekeni kwenye mfuko wa plastiki, mfuko huo uwekwe juu ya barafu au maji baridi, mpeleke pamoja na mgonjwa. Barafu isiguse kidole chenyewe.

Msimpe pombe. Msimpake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya breki. Jeraha la shambani lina udongo, na udongo una vijidudu vya pepopunda. Hata jeraha dogo, nenda zahanati ukaulize habari ya sindano ya pepopunda.

KARATASI YENYE DOLE GUMBA

Sasa turudi kwa Tingo.

Wiki ya pili, mwenye trekta alifika hospitali. Alikuja na matunda, na mfukoni ana bahasha. Alisema kwa upole, "Pole sana kijana. Hapa kuna kitu kidogo. Weka dole gumba hapa tu, kuonyesha umepokea."

Tingo hakusoma sana shule. Alishanyoosha kidole. Lakini yule mama aliyempisha nafasi kwenye digadi alikuwepo, amemletea uji. Mama huyu ni mwanakisomo wetu. Alianza darasa akiwa na wajukuu, na kwa muda mrefu alikuwa akituambia, "Mwalimu, kusoma kwangu kutanifaa nini sasa?"

Alisema, "Baba, naomba niisome kwanza." Akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Ilisema hivi: kijana amepokea shilingi 300,000, anakiri ajali ilikuwa uzembe wake, na hatadai kitu kingine chochote.

Mama akauliza, "Hapa pameandikwa 'sitadai'. Mbona hilo hukulisema?"

Mwenye trekta hakuwa na jibu. Tingo akarudisha kidole chini ya shuka.

Mama alitueleza baadaye, "Mwalimu, mimi ndiye niliyekaa mahali pake. Ningenyamazaje?"

Ndugu wasomaji, tusimwone mwenye trekta kuwa shetani. Huenda aliogopa. Huenda hata yeye hakujua sheria inasemaje. Basi tuijue wote, wenye matrekta na wafanyakazi.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria hii haihusu viwanda tu. Inamtaka mwajiri awe na mashine salama, awafundishe wafanyakazi, awape vifaa vya kujikinga. Inayosimamia ni OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.

Tunayo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria hii ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia Mfuko huu. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili hiyo. Mfanyakazi akiumia kazini, Mfuko hutoa matibabu, malipo wakati hawezi kufanya kazi, fidia ya ulemavu wa kudumu, msaada wa kurudi katika uwezo wa kufanya kazi, na akifariki, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi.

Mtu atauliza, "Lakini Tingo hakuwa na mkataba." Alikuwa nao. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Aliyefanya kazi ya mtu, kwa maelekezo yake, kwa malipo, ni mfanyakazi. Ni kweli kwamba karatasi hurahisisha ushahidi, na mwajiri anatakiwa kuandika masharti ya kazi. Lakini kukosa karatasi hakumfanyi mtu kuwa mpita njia. Na mwajiri asipojisajili, kosa ni lake mwajiri, si la aliyeumia.

Na wenye matrekta wasikilize vizuri: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumtumia mtoto wa chini ya miaka 18 kwenye kazi za hatari. Wale vijana wadogo wa miaka 13 na 14 tunaowaona wamening'inia kwenye majembe ya trekta, mahali pao ni shuleni.

MTU AKIUMIA, FANYENI HIVI

1. Tibuni kwanza. Uhai unatangulia karatasi zote.

2. Mwarifuni mwajiri siku ile ile. Mpigieni simu, na pia mwandikieni barua. Wekeni nakala.

3. Andikeni kwenye daftari: tarehe, saa, mahali, kazi gani ilikuwa inafanywa, nani walikuwepo, namba ya trekta. Andikeni kabla watu hawajasahau.

4. Tunzeni kila karatasi ya hospitali na kila risiti. Kama ajali ilitokea barabarani, toeni taarifa polisi.

5. Mwajiri anatakiwa kuipeleka taarifa WCF. Msikae mkimngoja tu. Ulizieni wenyewe kwenye ofisi ya WCF au Ofisi ya Kazi ya mkoa. Sheria imeweka ukomo wa miezi 12 kwa taarifa hiyo kufika. Anayekaa nyumbani akisema "nitakwenda nikipona" anaweza kukuta mlango umefungwa.

6. Msitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hamjaisoma. Kama hujui kusoma, mtafute unayemwamini akusomee yote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Mama yule alifanya hivyo. Aliandika maelezo kwa mkono wake, kurasa mbili za daftari la kisomo, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, wakaenda Ofisi ya Kazi. Maelezo yake yalipokelewa kama ya shahidi. Mpaka tunaandika somo hili, shauri bado linashughulikiwa. Tingo anajifunza kutembea kwa magongo. Mwenye trekta amejisajili sasa, na dereva wake hapakii mtu.

Lakini tuseme ukweli. Hata fidia ikilipwa yote, mguu hauoti tena. Bora mtu aliyetembea kwa miguu akachelewa chakula cha jioni.

KIJIJI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Si lazima kungoja mkaguzi atoke mjini. Kwenye mkutano wa kijiji mnaweza kukubaliana mambo haya: trekta lolote linalolima kijijini lisipakie watu, nyuma ya kila tela pawe na viakisi mwanga na maneno makubwa, WATU HAWAPANDI, mashine ya kupukuchua isiyo na kifuniko cha shafti isiwashwe, watoto wasikaribie trekta linalofanya kazi. Na mtu akikuomba lifti kwenye trekta, usione haya kumnyima. Mwambie, "Samahani mama, trekta hili lina kiti kimoja. Nipe kikapu, nitakubebea kwenye tela, wewe njoo taratibu." Huko nako ni kumheshimu mkubwa.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini Tingo hakuwa na nafasi ya kuruka? Eleza kwa hesabu.
2. Trekta lenye fremu ya kinga, dereva afanye nini na mkanda? Na lisilo na fremu je?
3. Kwa nini pawatila hukunja kinyume inaposhuka mlima?
4. Katika kijiji chenu, nani hupanda kwenye digadi au ndoano? Mtamwambiaje bila kugombana?
5. Andika barua fupi ya kumwarifu mwajiri kuwa mwenzako ameumia kazini. Taja tarehe, saa, mahali na mashahidi. Mpe mwenzako aisome, muone kama kuna jambo mmesahau.

MANENO YA KUKUMBUKA

Digadi: bati linalofunika gurudumu kubwa la trekta.
Ekseli: chuma kinachounganisha magurudumu mawili.
Fidia: malipo anayopewa mtu kwa sababu ya hasara au maumivu aliyoyapata.
Mtegemezi: mtu anayeishi kwa kumtegemea mwingine, kama mke, mume au mtoto.
Viakisi mwanga: vibandiko vinavyong'aa vikimulikwa na taa.

Kazi njema, ndugu wasomaji. Mlime vizuri, na kila aliyekwenda shamba arudi nyumbani mzima.